Somo: Kunasa wimbi la mwanga juu ya tabaka zenye grafini

Grafini, shuka la kaboni la atomi moja, ina unene wa nanomita 0.34, na mwanga ukiipiga wima inafyonza asilimia 2.3 tu. Ila ukiilaza juu ya rundo la tabaka, pale wimbi la usoni (mwanga ulionaswa, unaosafiri kando ya uso wa rundo) linapojikusanya, inaweza kufyonza karibu mwanga wote. Kwangu hili ndilo tamu kuliko yote, na kompyuta ya kawaida inatosha kulihesabu.

1. Tumia mwanga wa nanomita 1550, uga wake wa umeme uwe sambamba na tabaka. Pishanisha silikoni (n = 3.48) na silika (n = 1.444); n ni mara ngapi mwanga unapungua kasi ndani ya kitu hicho.

2. Unene. Hapa nilipoteza wiki nzima. Kanuni ya λ/4n (λ ni urefu wa wimbi la mwanga) ni ya mwanga unaoingia wima, lakini wimbi letu linakwenda kando ya uso. Tumia λ/(4√(n²−β²)), ambapo β ni n ya wimbi letu linapokwenda kando ya uso. Ukiweka β = 1.1, silikoni inatoka nanomita 111 hadi 117 tu, lakini silika inaruka kutoka 268 hadi 414!

3. Weka prizimu ya n = 1.5 chini ya rundo, mwanga uingie kupitia humo. Sin θ = β/1.5, yaani pembe ya digrii 47 hivi.

4. Grafini ihesabu kama shuka linalopitisha umeme: uga wa umeme unavuka bila kubadilika, uga wa sumaku unaruka kwa σE (σ ni upitishaji umeme wa shuka, E ni uga wa umeme). Weka σ = siemensi 6.08×10⁻⁵. Ijaribu kwanza peke yake hewani. Lazima ipitishe asilimia 97.7. Ikizidi 100, umekosea alama ya σ.

5. Badilisha unene wa tabaka la juu kidogo kidogo, ukitafuta bonde kwenye mchoro wa mwakisiko, yaani pembe ambapo mwanga unaorudi unashuka ghafla.

Swali: Mkuu, mwakisiko wangu ni 1 kuanzia digrii 42 kwenda juu. Bonde liko wapi?

Jibu: Angalia kama grafini imo. Silikoni na silika hazifyonzi mwanga huu, kwa hiyo wimbi likizaliwa, mwanga wote unarudi vilevile. Grafini ndiyo inayochimba bonde. Likiwa na kina kidogo, cheza na idadi ya jozi za silikoni na silika: zikizidi, mwanga haufiki juu, zikipungua, unavuja kabla ya kufyonzwa.

Swali: Kwa nini si leza nyekundu ya 633?

Jibu: Silikoni inafyonza hapo. Tena grafini inazimika (inaacha kufyonza) kwa volteji, kiwango cha Fermi (nishati ya juu ambayo elektroni zake zimeijaza) kikipita nusu ya nishati ya fotoni. Kwa 1550 nusu hiyo ni elektronivolti 0.4, inafikika. Kwa 633 ni 0.98, kazi ngumu.