SOMO: Polisi wanavyolifuata genge, kutoka fununu hadi mahakamani

Watu wengi huuliza: polisi wanajua danguro liko wapi, wanajua nani anakusanya fedha, mbona miezi inapita hakuna aliyekamatwa? Jibu jepesi ni kwamba wamehongwa. Wakati mwingine ni kweli, nitafika huko. Lakini mara nyingi tatizo ni kwamba kujua ni kazi moja na kuthibitisha ni nyingine kabisa. Taarifa ya kiintelijensia humwonyesha mpelelezi pa kutazama, ila haimfungi mtu. Hatua zote zinazofuata zinahusu safari ya kutoka kwenye kujua hadi kwenye ushahidi.

Hatua ya 1: Kuipima taarifa

Nitakaa hapa kwa muda kwa sababu kesi nyingi huharibikia hapa kabla hata jalada halijafunguliwa. Taarifa huletwa na raia, askari wa doria, mahabusu, benki, au mtoa taarifa wa siri ambaye wengi humwita informa. Kabla ya kufanyiwa kazi inaandikwa na kupewa daraja. Mfumo unaotumiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, una herufi na namba. Herufi ni ya chanzo: A ni chanzo kisichotiliwa shaka, B mara nyingi huaminika, C mara nyingi hakiaminiki, X hakijapimika. Namba ni ya taarifa yenyewe: 1 ni jambo lisilo na shaka, 2 ni jambo ambalo chanzo kinalijua chenyewe lakini ofisa halijui, 3 ni la kusikia, ila linaungwa mkono na kumbukumbu zilizopo, 4 ni la kusikia na haliwezi kuthibitishwa.

Viwili hivyo hutenganishwa kwa makusudi. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuleta uvumi wa kijiweni, na mwongo sugu anaweza siku moja kusema kweli kwa sababu anataka mshindani wake akamatwe. Ofisa akichanganya uaminifu wa mtu na ukweli wa maneno yake, atavunja mlango wa mtu asiye na hatia.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Vitengo vitatu vinaleta ripoti tatu zinazofanana, mkuu anasema "imethibitishwa mara tatu", kumbe zote zimetoka kwa mtu yuleyule aliyezungumza na makachero watatu. Mchambuzi mzuri hahesabu ripoti. Anauliza kila moja ilianzia wapi.

Hatua ya 2: Kumlinda informa, na kumchunga anayemwendesha

Jina la informa hukaa kwenye rejesta iliyofungwa, na kwenye ripoti hutumika namba. Taarifa ikipelekwa kitengo kingine husafishwa kwanza: maelezo yoyote ambayo mtu mmoja tu angeweza kuyajua yanaondolewa, maana genge likisoma sentensi moja ya namna hiyo linajua nani kasema.

Ofisa hakutani na informa peke yake, kila mkutano huandikwa, na malipo husainiwa mbele ya shahidi. Wanaoona hizi ni karatasi za kusumbua wasome kesi ya James "Whitey" Bulger wa Boston. Alikuwa kiongozi wa genge na papo hapo informa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Ofisa aliyemwendesha, John Connolly, alimlinda badala ya kumchunguza, na mwishoni mwa 1994 Bulger akatoroka baada ya kudokezwa kwamba mashtaka yanakuja. Connolly alitiwa hatiani mwaka 2002. Bulger hakukamatwa hadi 2011.

Hatua ya 3: Kuchora genge

Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, unalitaja kundi la uhalifu wa kupangwa kuwa la watu watatu au zaidi, lililodumu kwa muda, wanaotenda kwa pamoja kosa kubwa ili kupata faida. Kwa hiyo mpelelezi anatafuta uhusiano: nani anampigia nani, nani analipa kodi ya nyumba, gari limeandikishwa kwa jina la nani.

Hatua ya 4: Kufuata fedha

Bosi hagusi dawa wala hasimami mlangoni pa danguro, lakini fedha lazima zimfikie. Al Capone, bosi wa genge la Chicago, alihukumiwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, akapata miaka 11. Huko Palermo, Italia, hakimu mpelelezi Giovanni Falcone alizifuata hundi na rekodi za benki, na ushahidi wa aina hiyo, pamoja na maelezo ya Tommaso Buscetta aliyeligeuka genge, ulijenga kesi kubwa ya 1986 yenye washtakiwa zaidi ya 400. Mafia walimuua Falcone mwaka 1992.

Hatua ya 5: Kibali, uvamizi, vielelezo

Kusikiliza simu na kupekua nyumba huhitaji kibali kwa mujibu wa sheria ya nchi husika. Baada ya hapo kila kielelezo kinafungwa, kinapewa namba, na kila anayekishika anasaini. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi ataing'ang'ania.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kwa nini wasivamie siku hiyohiyo?*
Wakivamia mapema wanapata mlinzi wa mlango na wateja, bosi anahamia mtaa mwingine. Lakini ikijulikana kuna mtoto ndani au maisha ya mtu yako hatarini, wanaingia hata kama kesi kubwa itapotea. Sioni mjadala hapo.

*Mbona wanaokamatwa ni wanawake tu?*
Huo ni upelelezi mbovu. Itifaki ya Palermo kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu inasema ridhaa haina maana pale palipotumika vitisho, nguvu au ulaghai, na kwa mtoto haihitajiki hata kuthibitisha hayo. Wahojiwe kwanza kama wahanga, mbali na wale wanaowamiliki.

*Na rushwa?*
Vitengo vya kamari na ufuska viko hatarini zaidi, kwa kuwa fedha ni nyingi na mara nyingi hakuna mlalamikaji. Ripoti ya mwaka 1972 ya Tume ya Knapp, iliyochunguza rushwa katika polisi wa New York, ilionyesha askari kanzu wa jiji hilo wakikusanya malipo ya kila mwezi kutoka kwa waendesha kamari. Dawa ni kuhamisha maofisa mara kwa mara na kuwa na wakaguzi wasio chini ya mkuu wa kitengo.

*Mwalimu, nikitoa taarifa jina langu litasomwa mahakamani?*
Nchi nyingi humficha mtoa taarifa, isipokuwa pale jina lake linapohitajika ili asiye na hatia asifungwe. Hapo baadhi ya waendesha mashtaka huona heri kuiondoa kesi kuliko kumtaja. Unapotoa taarifa, sema wazi kipi umekiona kwa macho yako na kipi umesimuliwa, na usimwambie mtu mwingine yeyote kwamba umesema.