Kuweka diski breki kwa pikapu ya zamani

Kama una Datsun 1200 ama pikapu yoyote ya zamani yenye dramu mbele (breki za ngoma, si za sahani), wajua vile inavyokula roho ukiteremka rampu ya Likoni hapa Mombasa kuingia feri na mzigo nyuma. Basi weka diski mbele, nyuma acha dramu zikae zatosha.

Usinunue kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) peke yake, tafuta seti nzima kwa gari moja, yaani habu (kitovu cha gurudumu), diski, kalipa na mabano yake, na kabla hujalipa jaribu rimu kwanza maana rimu ya inchi 12 mara nyingi yagusa kalipa utalazimika kwenda 13. Nati za paipu za breki huku pwani zimeshikwa na kutu ya chumvi, zimwagie mafuta jana yake, ukilazimisha na spana ya kawaida utazila kona.

Mastasilinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedo, pia badilisha. Ile ya dramu ina valvu inayobakisha presha kwa paipu, ukiiacha pedi zitasugua diski mpaka gari itoe harufu ya kuungua.

Kalipa zina kushoto na kulia, nipo (skrubu ndogo) ya kutolea hewa lazima ikae juu, ikiwa chini utapampu mpaka magharibi na pedo bado laini. Kutoa hewa, anza na gurudumu la mbali na mastasilinda, kwetu usukani uko kulia basi ni nyuma kushoto, mwenzio akanyage pedo wewe ufungue nipo. Fluidi (mafuta ya breki) iwe DOT 3 mpya, si ya chupa iliyokaa wazi.

Halafu jaribu pole pole barabara tupu, sio Nyali saa ya jam.