Kabla ya kuhamisha seva ya nyumbani: mambo ya kuzingatia

Anza na kalamu na karatasi; bisibisi itasubiri. Ramani ya mtandao ikihifadhiwa ndani ya seva yenyewe, haisomeki tena seva ikizimwa. Andika kila kifaa, anwani yake ya IP na tundu lake kwenye swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha waya za vifaa). Piga picha ya nyuma ya kila mashine, ubandike lebo kwenye ncha zote mbili za kila waya.

Kama seva ndiyo inayojibu maswali ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ya nyumba nzima, kwa mfano kupitia Pi-hole, programu ya DNS inayozuia matangazo, ukiizima watu watalalamika kuwa intaneti imekatika ilhali laini ni nzima. Siku moja kabla, ingia kwenye ruta uweke DNS ya nje kama 9.9.9.9, na upunguze muda wa DHCP (muda ambao kifaa hukopeshwa anwani ya IP na mipangilio yake na ruta) kutoka saa 24 hadi dakika 10. Siku hiyo inahitajika kwa sababu simu na televisheni hushikilia maelezo ya zamani, na kwa kawaida huomba mapya nusu ya muda huo ikishapita. Ukiongeza ruta yako nyuma ya ile ya kampuni ya intaneti, hakikisha hazitumii zote 192.168.1.x, maana zitagongana. Chagua kitu kama 10.20.30.0/24.

Diski ndizo za kuogopa zaidi. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si bakapu: faili ikifutwa, inafutwa kwenye diski zote papo hapo. Nakili data kwenye diski ya nje, uichomoe, kisha jaribu kurejesha mafaili machache kwenye kompyuta nyingine. Hifadhidata usiinakili faili kwa faili ikiwa inafanya kazi, kwani nakala inaweza kutoka nusunusu. Tumia kwanza pg_dump (kwa PostgreSQL) au mysqldump (kwa MySQL), zinazotoa nakala kamili ya hifadhidata. Halafu pima kila diski kwa smartctl -a, amri inayoonyesha afya ya diski. Ukiona Current_Pending_Sector (idadi ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) imezidi sifuri, ibadilishe kabla ya kuhama, kwa sababu diski iliyozunguka miaka bila kupumzika huweza kugoma ikishapoa. Andika namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) ya kila moja. Kama seva inatumia Linux, kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kuunganishwa, tumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha sehemu ya diski) badala ya jina kama /dev/sdb1, kwani majina hayo hubadilika ukichomeka diski kwenye tundu jingine. Diski za data ziongezee neno nofail kwenye faili hiyo, la sivyo moja ikikosekana mashine itakwama inapowaka.

Kadi za mtandao nazo zina mchezo huo wa kubadili majina. Ukiongeza kadi ya PCIe (ya kuchomeka kwenye ubao mama), kadi ya mtandao iliyoitwa enp3s0 inaweza kuwa enp4s0, seva ikawaka vizuri lakini isifikike. Kwa hiyo weka karibu skrini na kibodi ya waya.

Seva ikiwa imechomolewa, saa na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) hutegemea kibetri cha CR2032. Kikiwa kimekwisha, saa hurudi nyuma miaka na vyeti vya HTTPS hukataliwa, kibadilishe mapema. Betri ya risasi na asidi ya UPS (kifaa kinachotoa umeme wa akiba ukikatika) hudumu miaka 3 hadi 5. Ijaribu kwa kuichomoa ukutani ikiwa imebeba taa ya wati 60, wala si seva. Kumbuka pia kwamba VA 650 (kipimo kinachoandikwa kwenye UPS) si wati 650.

Ukinunua waya mpya, kwangua ncha kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika upesi na hupata joto ikibeba umeme wa PoE, yaani umeme unaopitishwa kwenye waya wa mtandao. Waya wa daraja la Cat5e wa shaba tupu unatosha kwa gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, hata kama muuzaji anakusukumia wa daraja la juu zaidi, Cat7.

Sehemu mpya iwe na hewa. Stoo iliyofungwa hupika diski.

Wakati wa kuwasha, tangulia na ruta, kisha swichi, kisha hifadhi ya diski, seva ya mwisho, ukisubiri kila kimoja kitulie. Ile diski ya nje yenye nakala ya data iache ilivyo kwa wiki mbili kabla ya kuandika juu yake.