Kutembea Camino: Namna ya Kutunza Miguu Bila Kupoteza Marafiki

Njia ya Kifaransa, iliyo maarufu kuliko njia zote za Camino, yaani njia za hija ya kwenda Santiago, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa na kuishia kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, umbali wa takriban kilomita 780 ambao wengi huumaliza kwa wiki 4 hadi 5. Anayejiandaa kwa safari hii huwaza sana juu ya milima, ilhali kinachowatesa mahujaji wengi ni miguu yao wenyewe, na mara nyingi miguu hiyo huumia kwa ajili ya urafiki: mtu hupata wenzake siku ya kwanza, akaona haya kubaki nyuma, akalazimisha mwendo usio wake.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo ya kuwa mwangalifu zaidi. Hadi Roncesvalles, kijiji cha kulala usiku wa kwanza, ni kama kilomita 25, na njia ya juu hupanda zaidi ya mita 1,200 kabla ya kuteremka kwa ghafla. Asiye na mazoezi ni afadhali aigawe kwa kulala Orisson, hosteli iliyo katikati ya mpando, mradi awe ameweka nafasi mapema. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi njia hiyo hufungwa, na mahujaji hupitia Valcarlos bondeni.

Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako. Viatu viwe vimeshazoea mguu, tena vyenye nafasi kidogo mbele, kwa sababu miguu huvimba kwa kutembea kutwa. Lengelenge hutanguliwa na dalili: sehemu ya kisigino au kidole huanza kuwaka moto kama iliyosuguliwa. Simama papo hapo, hata kama wenzako wanaendelea. Vua kiatu na soksi, kausha mguu, bandika plasta, kisha vaa soksi kavu. Likishajaa maji na kuuma kiasi cha kukuzuia kutembea, nawa mikono, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, kamua taratibu na uiache ngozi ya juu ilipo, halafu ufunike kwa bandeji safi. Wapo watakaokushauri upitishe uzi na kuuacha humo ndani; usikubali, kwani uzi huo huingiza vijidudu. Ukiona usaha, au wekundu unaosambaa, nenda kituo cha afya.

Usiku utalala katika albergue, yaani hosteli za mahujaji, kwenye mabweni yenye vitanda vya ghorofa. Kwa kawaida taa huzimwa saa 4 usiku, na asubuhi wageni hutakiwa kuondoka kabla ya saa 2. Watu watakoroma, kwa hiyo beba vizibo vya masikio. Anayekoroma husamehewa, maana hana uwezo juu ya jambo hilo, lakini anayechakarisha mifuko ya plastiki saa 11 alfajiri hukumbukwa kwa ubaya hadi Santiago. Panga vitu vyako jioni. Kagua mishono ya godoro kama kuna kunguni, na usiweke begi juu ya kitanda.

Kuhusu wenzako, kubalianeni asubuhi mahali pa kulala, kisha kila mtu atembee kwa mwendo wake. Kusema waziwazi, “Mimi naenda polepole, tutaonana jioni,” hakumkwazi yeyote. Mwenzako atakujibu “Buen Camino”, yaani safari njema, na kusonga mbele. Urafiki wenyewe hukomaa jioni, pale ambapo aliyewahi kufika ananunua chakula, mwingine anapika na aliyechelewa anaosha vyombo. Kwenye Meseta, nyanda pana kati ya Burgos na León zenye jua kali na vivuli haba, ndipo wengi hufunguka. Usimhoji mtu sababu ya kuja kwake, wengine wamefiwa. Mkifika Cruz de Ferro, msalaba wa chuma ulio juu ya nguzo ndefu, ambako mahujaji huweka mawe waliyoyabeba kutoka kwao, mwache mwenzako akae peke yake hadi atakapokuita.

Kuanzia Sarria, mji ulio zaidi kidogo ya kilomita 100 kabla ya Santiago, njia hujaa watu, kwa sababu Compostela, yaani cheti cha kumaliza hija, hutolewa kwa waliotembea angalau kilomita 100. Wageni hawa wenye mabegi mepesi hudharauliwa na waliotoka mbali, dharau ambayo sioni msingi wake. Wewe hakikisha pasi yako ya hujaji inagongwa mihuri angalau miwili kila siku katika sehemu hiyo.

Panga kubaki Santiago siku mbili baada ya kufika. Wale uliowatangulia njiani watawasili kesho yake au keshokutwa, na kama hamkupeana namba za simu, nenda ukawangojee uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu, ambako karibu kila hujaji hupita kabla ya kwenda kuchukua cheti.