Vidonge vya nywele na kipimo cha tezi ya shingo
Unatumia levothyroxine (dawa ya homoni ya tezi ya shingo) na bado unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha? Geuza kopo usome. Ukikuta biotini (vitamini B7; langu lilikuwa na mikrogramu 5,000 kwa kidonge!), viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu ya kupima tezi. Biotini haigusi tezi, inavuruga kipimo tu: kwenye baadhi ya mashine TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) inasomeka chini na T4 (homoni ya tezi yenyewe) juu kuliko ilivyo, inaonekana dawa imezidi, daktari anakupunguzia dozi bure. Kwa dozi kubwa za biotini za matibabu siku 2 hazitoshi, waulize maabara. TSH ikibaki vilevile hata baada ya kuacha, biotini haihusiki. Levothyroxine yenyewe usiiache.