Kabla hujabadilisha boksi la stima: hesabu za nyumba ya Lamu

Shangazi yangu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, aliambiwa boksi jipya la stima, na breka zake nane ndani, ni shilingi 9,500. Akaona si kitu, akatoa pesa. Fundi alipolifungua lile la zamani, la fyuzi za kaure zinazofungwa waya kwa mkono, alinyamaza kidogo kisha akamwita: "Mama, hebu njoo uone." Nyaya zilizokuwa nyuma yake zilikuwa zimevaa ukungu wa kijani, na mpira wake ulimomonyoka kwa kidole kama mkate wa mofa wa juzi. Waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja, ulikuwepo, umeingia ukutani vizuri tu, ila ulipofuatwa hadi nje haukufika popote.

Bili ya mwisho ilikuwa 61,000. Boksi 9,500, kifaa cha kukata stima inapovuja 4,500, nyaya mpya za jikoni, za friza na za ghorofani 22,000, fimbo ya athi na waya wake 5,000, kuleta vitu kutoka Mombasa 2,000, mkono wa fundi 18,000. Bei za kwako zitakuwa nyingine, lakini angalia mgawanyo wenyewe: boksi halikufika hata sehemu moja ya sita. Ndiyo maana nasema, usimuulize fundi "boksi bei gani?" Mwite kwanza afungue na apime, mlipe siku yake hiyo moja, bei ije baadaye.

Na kabla ya fundi, jiulize kama unahitaji boksi kubwa au unahitaji kupanga matumizi. Hesabu yake haina ugumu. Kila chombo kina kibandiko kinachotaja wati zake. Zigawe kwa 240, ambazo ndizo volti za stima yetu, upate ampia, yaani kiasi cha stima kinachopita kwenye waya. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inakula karibu ampia 23. Birika la wati 2,000 linakula 8 na kitu. Pasi ya wati 1,200 ni 5, na kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kinakaribia hapohapo. Pampu ya kisima weka 5. Jumla yake ni 46, na nyumba ya swichi kuu ya ampia 60 inabeba bila shida. Sasa ongeza shawa ya pili ya vyumba vya wageni, kwa sababu mwezi wa Julai kusi ikivuma hata mgeni aliyetoka kwenye theluji huuliza maji moto yako wapi. Umefika 69.

Hapo ndipo wengi hukimbilia fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto kutoka barabarani badala ya mmoja. Mimi ningesita. Tangi la kupasha maji kwa jua likiwekwa darini huenda likakuondolea shawa zote mbili kwenye hesabu, na jua hatuna upungufu nalo. Fezi tatu zina maana ukiwa na viyoyozi vingi, au mashine ya barafu, au karakana. Ukizitaka kweli, jua kwamba si kazi ya fundi wako peke yake. Itabidi uombe Kenya Power, waje wakague, wakupe gharama yao kwa maandishi, na mita ibadilishwe. Fyuzi yao na mita ni mali yao, na zina lakiri. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mzigo wako. Fundi akikwambia atakata lakiri "dakika mbili tu", mwambie asubiri. Kuichezea mita ni kosa la jinai, na atakayeulizwa ni mwenye nyumba.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtu alielewe kabla ya kununua chochote. Breka kazi yake ni kulinda waya usiungue. Kuna mtindo wa kwamba breka ya ampia 20 ikiruka kila jioni, mtu anaweka ya 32 na kelele zinaisha. Zimeisha kwenye boksi, zimehamia ukutani. Waya wa milimita mraba 2.5 uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye soketi bila kurudi kwenye boksi kwa njia ya pili, hiyo 20 inautosha. Ukiupa 32, utachemka ndani ya ukuta na breka imekaa kimya. Ghorofani kwenye paa la makuti sina haja ya kueleza zaidi.

Breka pia haimlindi mtu. Anayemlinda mtu ni kile kifaa cha miliampia 30 chenye kitufe kidogo cha kujaribia, kinachokata stima mara tu inapovuja kupitia mwili au maji. Bajeti ikibana, punguza kwingine kokote, hicho kibaki.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa bahari huila shaba, skurubu za breka hulegea, na kiungo kilicholegea hupata moto hata kama mzigo ni mdogo. Boksi lisiwekwe kwenye ukuta unaotazama bahari wala karibu na birika la maji la chooni. Bora liwe la plastiki lenye mfuniko unaobana kuliko la bati litakaloshika kutu. Athi nayo ina mambo yake hapa kwetu. Penye mchanga mkavu haishiki vizuri, na penye mwamba wa matumbawe fimbo inagoma kuingia, fundi mvivu anaikata nusu na kuzika kipande. Simama hapo uione ikizama yote, kisha udai aipime kwa mita yake mbele yako.

Ukuta wenyewe usiuchimbe kwa pupa. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kama nyumba yako ni ya mawe ya zamani, pita kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Kwa maoni yangu, paipu nyembamba inayopita juu ya ukuta, ikapakwa rangi ya chokaa, inapendeza kuliko mfereji uliozibwa kwa saruji. Saruji na chokaa hazipatani. Baada ya masika mawili kipande kinaachana na ukuta. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usimruhusu mtu aziguse.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Leseni zina madaraja, uliza kama lake linafika kwenye kazi yako, na mwishoni akupe cheti cha kupima nyaya. Makadirio yake yataje kila kitu peke yake: urefu wa nyaya, unene, idadi ya breka. Nyaya zinunue mwenyewe kama unaweza, ukikwaruza ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Rangi nazo mwulize. Katika nyumba za zamani nyekundu ndiyo moto, waya unaoleta stima, na nyeusi ni nyutro, unaoirudisha. Katika rangi mpya kahawia ndiyo moto na buluu ndiyo nyutro, na kwenye fezi tatu nyeusi nayo ni moto. Nyumba yenye rangi za zamani na mpya pamoja inahitaji kibandiko kwenye boksi, la sivyo fundi wa kesho atajuta.

Yaliyobaki ni madogo. Vitu vinavyotoka Mombasa hushukia Mokowe, gati iliyo upande wa bara, vivuke kwa boti, vibebwe na punda hadi mlangoni, kwa hiyo agiza na breka moja au mbili za akiba; kurudi kwa ajili ya kipande cha shilingi 500 ni hasara ya siku nzima. Usipange kazi wiki ya Maulidi, nyumba imejaa wageni na fundi hapatikani. Siku yenyewe stima itakuwa imezimwa tangu asubuhi, samaki wa friza wahamie kwa jirani usiku wa kuamkia siku hiyo.

Shangazi alidai jambo moja ambalo fundi hakulizoea: kila breka iandikwe jina kwa herufi kubwa, anazozisoma bila miwani. Ya tatu kutoka kushoto imeandikwa FRIZA, na chini yake, kwa kalamu yake mwenyewe, "usizime".