Namna ya kusoma vipimo vya Toyota Mark X Four kabla ya kuinunua

Anayetafuta sedani ya kifahari iliyotumika Japani hukutana kwanza na picha, kisha bei, na mwisho kabisa karatasi ya vipimo, ambayo mara nyingi huipitia kwa haraka kwa sababu imejaa tarakimu na vifupisho. Mwongozo huu unamtaka aanze na karatasi. Mfano ninaoutumia ni Toyota Mark X yenye injini ya V6 ya lita 2.5 inayosukuma magurudumu yote manne, ambayo watengenezaji waliipa jina la Four. Nimeichagua kwa sababu mtu anaweza kuinunua bila kujua kwamba ameinunua: kwa nje inafanana sana na ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, lakini chini yake ina vyuma vingi zaidi, oili nyingi zaidi na masharti ya tairi ambayo mwenzake haina.

Anza na msimbo wa modeli, kabla hata ya kutazama nguvu ya injini. Katika karatasi ya mnada au cheti cha Japani utaona maandishi kama DBA-GRX135. Herufi tatu za mwanzo zinahusu moshi: D inaonyesha kwamba gari lilipimwa kwa kanuni za mwaka 2005 na kupunguza uchafuzi kwa asilimia 75 chini ya kiwango, B kwamba linatumia petroli bila mfumo wa haiburidi, na A kwamba ni gari la abiria. GR ni familia ya injini, na X ni ukoo wa gari, ukoo uleule wa Mark II za zamani, sedani za Toyota zilizoitangulia Mark X. Tarakimu ndizo za kukaziwa macho. Mark X ya kwanza, iliyotoka Novemba 2004, ina namba zinazoanza na 12, na ya pili, iliyotoka Oktoba 2009 na kuendelea hadi Desemba 2019, ina namba zinazoanza na 13. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayotenganisha GRX130, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na GRX135, inayosukumwa na yote manne. Vivyo hivyo GRX120 na GRX125. Waliowahi kumiliki Mark II wataukumbuka utaratibu huu, kwa maana GX105 na GX115 nazo zilikuwa za magurudumu manne, huku GX100 na GX110 zikiwa za nyuma. Kwa hiyo tafuta ile 5. Injini kubwa zaidi, yaani ya lita 3.0 katika GRX121 na ya lita 3.5 katika GRX133, zilifungwa kwenye gari za magurudumu ya nyuma tu, na muuzaji akikuambia ana Mark X ya lita 3.5 yenye mfumo wa Four, mwombe akuonyeshe msimbo.

Msimbo huohuo unarudi katika namba ya chesisi, ambayo kwa gari za soko la Japani haina herufi na tarakimu 17 kama za Ulaya au Marekani, bali ni msimbo wa modeli, kistari, na tarakimu 7. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibati cha utambulisho, na iliyoandikwa katika kadi ya gari au, kwa Kenya, katika kitabu cha umiliki. Zote tatu lazima ziwe kitu kimoja. Kwa mnunuzi wa Kenya kuna hesabu moja zaidi, kwa kuwa gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa unaweza kutofautiana, na unaohesabiwa ni wa usajili.

Sasa fika kwenye injini. Jina 4GR-FSE linasomeka hivi: ni injini ya nne katika familia ya GR; F inaeleza vichwa vyenye kamshafti mbili, yaani shafti zinazofungua valvu, kwa kila upande na valvu zilizopangwa kwa pembe ndogo; S ni petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na E ni mfumo wa mafuta unaoongozwa kwa umeme. Silinda sita zimegawanywa tatu kwa tatu katika umbo la V lenye pembe ya nyuzi 60. Faida kubwa ya umbo hili ni ufupi. Mark II zilikuwa na injini za silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ndefu na tulivu sana, lakini zilizokula nafasi kubwa chini ya boneti. V6 huacha nafasi zaidi mbele, na katika gari la magurudumu manne nafasi ni mali, kwa kuwa pale chini lazima ipite pia difu ya mbele, yaani gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, na shafti zake.

Karatasi itakuandikia kipenyo cha silinda milimita 83.0 na mwendo wa pistoni milimita 77.0. Unaweza kuhakiki ujazo wa injini mwenyewe: chukua kipenyo kwa sentimita, 8.3, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.7854, kisha kwa 7.7, na mwisho kwa silinda 6. Utapata takriban sentimita za ujazo 2,499, na ndiyo namba inayopaswa kuwa kwenye kibati. Kipenyo kikiwa kikubwa kuliko mwendo wa pistoni, injini hupenda kuzunguka kwa kasi, na jambo hilo linaonekana wazi katika mstari wa nguvu.

Mstari huo huandikwa kwa PS, kizio cha nguvu za farasi kinachotumika Japani, ambacho kimoja ni sawa na kilowati 0.7355. GRX125 ina PS 215, yaani kilowati 158, katika mizunguko 6,400 kwa dakika, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 260 katika mizunguko 3,800. GRX135 ina PS 203, yaani kilowati 149, katika mizunguko hiyohiyo 6,400, na torki ya nyutoni-mita 243 ambayo haifiki kileleni mpaka mizunguko 4,800. Kwa nini gari jipya lina nguvu ndogo kuliko la zamani? Kwa sababu ile ya kwanza ilipangiliwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani huanzia okteni 96 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati), wakati ya pili ilirekebishwa ili itumie ya kawaida, inayoanzia okteni 89. Mimi naona kupungua huko ni biashara nzuri kwa mtumiaji wa kawaida. Lakini asome vizuri ile 4,800: gari likiwa na abiria watano na mizigo, likipanda mlima, giaboksi itashusha gia na injini italia zaidi, na hiyo ni tabia yake, si ubovu.

Uwiano wa mgandamizo ni 12.0 kwa 1, ulio juu hata kwa injini isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), na unawezekana kwa sababu petroli inayopulizwa ndani ya silinda hupoza hewa iliyomo. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo haizioshi, na mvuke wa oili hujenga utando wa kaboni juu yake mwaka baada ya mwaka. Injini ikitetemeka inapounguruma bila mwendo, hasa ikiwa baridi, mwambie fundi akague valvu hizo kabla ya kubadilisha plagi na koili kwa kubahatisha. Kamshafti huzungushwa kwa cheni, si mkanda, na afya ya cheni hiyo inategemea usafi wa oili.

Mfumo wa magurudumu manne ndio moyo wa mwongozo huu. Kwa Mark X Four unaitwa i-Four, nao hufanya kazi muda wote bila dereva kubonyeza chochote. Kutoka kwenye giaboksi, nguvu huingia kwenye transfa, yaani kisanduku cha gia kinachoipeleka mbele na nyuma, chenye difu ya kati, ambayo hugawa asilimia 30 mbele na 70 nyuma, na klachi inayoongozwa na kompyuta inaweza kuusogeza mgawo huo hadi nusu kwa nusu magurudumu yanapoteleza. Hakuna gia nzito ya kutambalia, na chini ya gari hakukuinuliwa kwa ajili ya mawe na makorongo. Ni mfumo wa barabara yenye theluji huko Hokkaido, na kwetu utakufaa kwenye lami iliyolowa na murramu yenye utelezi mdogo.

Difu ya kati imeundwa ili iruhusu ekseli mbili zitofautiane kidogo wakati wa kukata kona, si kutofautiana safari nzima. Hapo ndipo tairi zinapokuwa kipimo cha kiufundi. Tairi ya kawaida ya gari hili ni 215/60R16, ambayo kwa hesabu ya karatasi ina kipenyo cha milimita 664.4. Tairi ya michezo, 235/45R18, ina milimita 668.7, tofauti isiyofika hata asilimia moja, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakuna madhara ikiwa zote nne zimebadilishwa pamoja. Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalifikirii. Tairi mpya yenye kashata (meno ya tairi) za milimita 8, ikiwekwa mbele wakati za nyuma zimebaki na milimita 2, inazidi kipenyo kwa milimita 12, karibu asilimia 1.8. Tairi mpya itazunguka mara 479 kwa kilomita na ile chakavu mara 488. Katika safari ya kilomita 500, difu ya kati italazimika kumeza tofauti ya mizunguko takriban 4,400 kwenye barabara iliyonyooka, ikipata joto muda wote. Kwa hiyo nunua tairi nne kwa pamoja, za chapa moja, na uzibadilishane nafasi mara kwa mara ili ziishe sawasawa.

Vipimo vya bodi havihitaji maneno mengi. GRX130 na GRX135 za miaka ya mwanzo zina urefu wa milimita 4,730, upana wa 1,795, na umbali wa 2,850 kati ya ekseli. Tangi huchukua lita 71.

Unapokwenda kulikagua gari, uliza lini ilibadilishwa oili ya giaboksi, ya transfa, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma, kila moja peke yake, kwa kuwa fundi aliyezoea gari za magurudumu ya nyuma huweza kusahau mbili kati ya hizo. Kisha tafuta uwanja wenye sakafu ngumu, zungusha usukani hadi mwisho, na liache gari litambae polepole katika duara kamili, kulia na kushoto. Likigoma, likirukaruka au likikwaruza tairi kana kwamba limefungwa breki, pima kwanza kina cha kashata zote nne. Zikiwa sawa, tatizo liko ndani ya transfa, na bei inapaswa kulijumuisha. Na gari likiharibika njiani, lisivutwe kwa kuinuliwa upande mmoja huku magurudumu mawili yakizunguka chini: ita lori la kubeba, lipandishwe lote.